Nyasi za Umande

Kibugu, 9 Mei 2024

Karimi,

Salamu nyingi. Natumaini hapo Kiirua mko wazima, wewe na baba watoto. Sisi tuko, ila mvua imekataa kuisha. Naandika kwa karatasi kwa sababu kwa simu unanicheka.

Ndama wangu walikuwa watatu. Wawili wamekufa. Walikohoa, wakanyoosha shingo, ulimi nje, wakitafuta hewa. Hiyo si bahati mbaya, ni theluthi mbili. Amebaki Makena, naye ameanza kukohoa jana. Akienda huyo, mimi sina tena zizi.

Na mama juzi kanisani, mbele ya kina mama wote: "Karimi ana mkono wa kufuga ng'ombe." Mkono gani? Wewe baba alikupa ng'ombe ulipoolewa. Wangu wa kwanza nilimnunua kwa kuchuma chai. Wewe unalala mpaka jua likuchome. Mimi saa kumi na mbili niko ukingo wa msitu nakata nyasi zenye umande, sketi imelowa mpaka kiunoni.

Sema ukweli. Unawapa nini?

Dada yako mkubwa,
Ruguru

Kiirua, 17 Mei 2024

Dada mpendwa,

Huku hatujambo. Pole sana, na sikucheki. Mama husifu aliye mbali; akija hapa ni "Ruguru hivi, Ruguru vile" mpaka nanuna.

Nilimweleza Ndwiga, daktari wetu wa mifugo. Swali lake la kwanza: "Nyasi anakata saa ngapi?" Anashuku minyoo ya mapafu, si ile ya tumbo. Nyati na ng'ombe wa watu wanaacha mavi hapo msituni, na vitoto vya minyoo hupanda majani yakiwa na umande. Ndama anavimeza na nyasi.

Peleka kinyesi cha Makena kipimwe, apewe dawa. Na usikate kabla umande haujakauka. Mimi silali kwa akili, dada. Nalala tu.

Mdogo wako,
Karimi

Kibugu, 22 Mei 2024

Karimi,

Salamu kidogo. Yaani bidii yangu ndiyo imeua ndama? Miaka kumi na tisa naamka kabla ya ndege, leo dawa ni kulala? Usiniandikie tena.

Dada yako

Kibugu, 30 Juni 2024

Mdogo wangu,

Hamjambo huko? Huku ni baridi na ukungu, lakini tunapumua.

Daktari wa hapa aliona hiyo minyoo. Makena alidungwa sindano, na sasa anakula bila kusimama kukohoa. Nyasi nakata hapa shambani, saa tano. Majirani wakipita wananiuliza, "Mama Munene, unaumwa?" Lydiah wa jirani yeye anasema labda nimeolewa upya.

Wivu bado ninao, usidhani umepungua. Lakini chai nimeshakunywa, vyombo nimeosha, mikono inaniwasha na nje bado kumelowa. Niambie bila kucheka: wewe saa hizo zote, kabla umande haujakauka, huwa unafanya nini?

Dada yako,
Ruguru