Maua Juu ya Meza ya Grégoire

Kasongo, tarehe 14 Juni 1953

Kwa wifi yangu mpendwa Marcelline,
Albertville.

Pokea salamu zetu sote wa nyumba hii, wakubwa na wadogo. Habari ya huko ziwani? Kifua chako kimepona? Ulituandikia kwamba kinakubana baridi inapoingia, na tangu siku ile Mama yenu ananiuliza kila tukitoka misa kama barua nyingine imefika. Na bwana yako, kazi ya bandarini inamwendeaje? Watoto wanasoma vizuri?

Sisi hatujambo, tunamshukuru Mungu. Raphaël ameota meno ya mbele na anauma kila anachokishika. Jumapili iliyopita aliuma kidole cha padri aliyekuwa anambariki, kanisa zima likacheka. Grégoire yuko biro kama kawaida. Mama alikuwa na homa mwezi wa Aprili, lakini imekwisha. Anakula vizuri, na amejilimia kipande cha bustani nyuma ya jiko, cha mboga, lengalenga na matembele. Hataki nimsaidie, anasema mikono yangu ni ya sindano. Mvua zimekatika, njia ya Kabambare imekauka, malori yanapita tena.

Utashangaa kuona mwandiko wangu badala ya ule wa kaka yako. Grégoire amejaribu kukuandikia, na kila mara amechana karatasi. Jambo hili ni la Mama, na zaidi ni la marehemu baba yenu. Mama mwenyewe amesema lazima ulijue. Basi, wifi, maliza kwanza kazi za mkononi, keti, ndipo usome.

Lilianza kwa maua. Unajua kwamba tangu mwaka jana ninakwenda Foyer, pale wake za makarani wanapofundishwa kushona, kupika na kupanga nyumba. Siku moja Madame anayetufundisha alileta kapu la maua akatuonyesha namna ya kuyaweka ndani ya nyumba. Uyakate asubuhi kabla jua halijayachosha. Shina ulikate kwa mshazari ili linywe maji. Majani yote yatakayozama uyaondoe, la sivyo maji yataoza na kunuka. Na kila siku maji mapya. Wenzangu walicheka kwa chinichini. Mimi pia nilicheka. Lakini nilipofika nyumbani nilitia maua matatu mekundu ya kana ndani ya chupa, nikaiweka mezani, nikarudi nyuma hadi mlangoni kutazama. Wifi, sijui nikuelezeje. Kilikuwa chumba kilekile, kuta zilezile za udongo tulizopaka chokaa, lakini niliona kama kuna mgeni mzuri aliyeketi akinisubiri.

Kuanzia hapo nikawa mtu wa maua. Kwenye mashindano ya Foyer nilipewa chombo cha kioo cha buluu. Sokoni nikapata mtungi mdogo wa wanawake wa Nyangwe, shingo yake nyembamba, unafaa kabisa kwa shina moja refu. Jirani yetu Amisa, mke wa Faradji mwenye duka, alinicheka sana. "Pascaline, maua ni ya nywele na ya kitanda! Wewe unayanywesha maji kama wagonjwa?" Kwao wanatunga asmini kwenye uzi. Hata hivyo alinifungulia ua wake nikate waridi kila nitakapo.

Grégoire naye alifurahi, kwa sababu yake mwenyewe. Alikuwa ameomba ile karte ambayo Leta, yaani serikali, inawapa makarani wachache, ya kusema kwamba mtu huyu ameendelea. Kabla ya kuitoa, wakubwa wanakuja nyumbani kwako kutazama. Wanatazama kama mnakula mezani, kama vitanda vina shuka, kama mke anajua kupokea wageni. Basi bwana yangu akaniambia, "Maua yasikosekane hata siku moja, maana hatujui watakuja lini."

Na hapo ndipo matata yalipoanza kati yangu na Mama.

Nilikuwa naweka maua asubuhi, ninakwenda sokoni, na nikirudi nakuta chombo kitupu. Si kitupu tu: kimeoshwa, kimefutwa, kimepinduliwa chini juu kama hakijawahi kutumika. Ninamwuliza, "Mama, maua yangu yako wapi?" Ananijibu, "Maua gani?" Kesho yake tena. Nilitafuta jalalani, sikuona kitu. Halafu siku moja nilikuwa nachuma lengalenga nikaona udongo umechimbuliwa upya. Nikafukua kwa kidole. Maua yangu yote yalikuwa humo, yamezikwa, ya juzi chini, ya jana juu.

Niliogopa, wifi, sikufichi. Mtu anayezika vitu vyako nyuma ya nyumba, unajua watu wanavyosema. Halafu woga ukageuka hasira. Nikadhani hanitaki. Nikadhani ananiona msichana wa Kasongo aliyeharibiwa na wazungu, asiyefaa kwa mwanawe wa kijijini Wamaza. Nilimlalamikia Grégoire hadi tukagombana. Yeye alimwita Mama akamweleza kwa upole kwamba maua ni kazi yake, yanamsaidia mbele ya wakubwa. Mama akainamisha kichwa: "Ndiyo, mwanangu, nimesikia." Siku iliyofuata chombo kilikuwa kimepinduliwa.

Walikuja siku ya Alhamisi, mwezi uliopita. Kwa bahati tulipata habari mapema, kwa hiyo nilikata waridi za Amisa na kana zangu, nikazipanga katika kile kioo cha buluu, nikasimama pale pale karibu na meza ili Mama asipate nafasi. Nilimvalisha kikwembe kipya, nikamketisha pembeni. Gari likasimama. Akashuka bwana mkubwa wa Leta, padri, na Madame wa Foyer. Polisi mmoja aliyekuja nao akabaki mlangoni, amefunga njia. Nilimwona Mama anamtazama polisi yule, halafu anatazama maua, halafu polisi tena.

Walitazama kila kitu. Walifungua kabati la vyombo, waliingia chumbani. Bwana mkubwa alikuwa na furaha siku ile, ananitania kuhusu meno ya Raphaël. Mwisho akarudi mezani, akainama kunusa waridi, akauliza kwa Kiswahili, kwa sauti yake kubwa:

"Maua haya, nani amekata?"

Nilifungua kinywa nijibu. Mama alikuwa amekwisha simama. Sikujua kama anaweza kusimama upesi namna ile. Alipita mbele yangu, akajiweka kati ya Grégoire na bwana mkubwa, akaanza kusema Kibangubangu cha kwenu, haraka haraka, anapiga kifua chake kwa kiganja. Mimi ni Muzimba, unajua. Nilishika neno la "mwana" tu. Nilimtazama Grégoire ili anifasirie, nikaona uso wake umekuwa wa majivu.

"Anasema nini?" bwana mkubwa akauliza.

Grégoire akajibu, "Anasema maua ni mazuri, Bwana. Anawasalimu."

Wote wakacheka kwa furaha. Madame akapiga makofi, padri akamshika Mama mkono, bwana mkubwa akamwambia Grégoire kwamba ana nyumba safi na mama mwenye adabu. Walikunywa chai yangu wakaondoka.

Gari lilipopotea, Grégoire alikaa chini, juu ya sakafu, na suruali yake nyeupe. Nikamwuliza, "Mama alisema nini?" Akasema, "Alisema: Ni mimi nimekata. Mutoto wangu hakugusa hata moja. Mimi muzee, munipige mimi."

Jioni ile ile, jua likiwa bado kwenye paa za jirani, Mama alitueleza. Alieleza akichambua mboga, hakutuangalia.

Alisema pamba ilipoletwa Wamaza, yeye alikuwa msichana anayechota maji. Kila mwanaume alipimiwa shamba lake, na msimamizi alipita kutazama miche. Baba yenu Zéphirin alikuwa kijana tu, hana kitu cha kumpa msichana. Lakini shamba lake lilikuwa linachanua. Wewe umekulia huko, unalijua ua la pamba: leo jeupe la kumanjano, kesho limegeuka rangi kama ndani ya pera. Akachuma maua ya kujaa mkono mmoja, akayaweka juu ya kapu la mihogo la Mama alipokuwa anapita. Mama akafika nayo nyumbani. Hakutaka yanyauke upesi. Akayatia ndani ya kibuyu chenye maji, akakiweka karibu na mlango, mahali penye mwanga.

Hakuna aliyemfundisha, wifi. Hakuna Foyer, hakuna Madame. Yeye mwenyewe tu, aliona ni vizuri.

Msimamizi alipita na askari, akaona kibuyu. Akauliza, "Maua haya, nani amekata?" Kila ua lilikuwa pamba ya Leta. Mama alitaka kusema ni yeye, lakini mama yake alimziba kinywa kwa mkono. Na Zéphirin, aliyekuwa nyuma ya watu, akatoka mwenyewe: "Ni mimi." Walimlaza pale wanapopimia pamba, wakampiga fimbo mbele ya wanawake wote wa kijiji, mpaka akashindwa kusimama. Baadaye walioana. Katika ndoa yao yote hawakulitaja jambo hilo hata mara moja.

"Niliona maua mezani kwa mutoto wangu," Mama akasema, "nikajua iko siku watakuja kuuliza. Nikasema, heri wasiyakute."

Grégoire alitoka akaenda kusimama bustanini, peke yake.

Kesho yake alikwenda kumwona bwana mkubwa, akamwambia kwamba jana alifasiri uongo, na mama yake alisema hivi na hivi. Bwana mkubwa akasema hayo ni mambo ya zamani, na kwamba karani anayefasiri uongo mbele ya Leta ni jambo la kufikiriwa. Karte ya Roger, mwenzake wa meza ya pili, imefika wiki iliyopita. Ya Grégoire bado. Nilimwuliza kama anajuta. Akasema anajuta neno moja tu, lile la "mazuri".

Mimi niliondoa maua yote, nikaficha vyombo vyangu chini ya kitanda. Nilifikiri sana siku zile. Bustani ya bwana mkubwa imejaa maua yanayokatwa kila asubuhi, na anayeyakata anasifiwa. Mimi nilipewa hata zawadi. Na baba yenu alipigwa kwa sababu ya mkono mmoja wa maua ya shamba alilolima mwenyewe.

Baada ya siku chache Mama aliniuliza, "Umeondoa nini? Nyumba imekuwa kama ya matanga." Nikamwambia sitaki kumwumiza. Akaniuliza, "Yakikauka, hakuna mutu anakuja kuyahesabu?" Nikasema, "Hakuna, Mama." Akasema, "Basi rudisha." Nimerudisha. Hayagusi wala hayasifu. Lakini hayaziki tena, na juzi nilimkuta amesogeza kiti chake upande ule.

Sasa nafika kwako, na hapa kalamu inakuwa nzito.

Grégoire ameniambia kwamba ulipokuwa msichana baba yenu alikupiga vibaya shambani, kwa sababu ulijipamba nywele na maua ya pamba. Ameniambia kwamba uliondoka kwenda Albertville na uchungu huo, na ndiyo maana hukufika kwenye matanga yake. Mimi sikulaumu, mimi ningefanya hivyo hivyo. Lakini Mama, aliyekuwa pale shambani, anataka ujue kile ambacho wewe hukuona, kwa sababu ulikuwa umeelekeza uso chini unalia.

Msimamizi alikuwa amekwisha tokea juu ya njia. Baba yako aliyang'oa maua kichwani mwako na hakuwa na mahali pa kuyatupa. Aliyatia kinywani, akayatafuna, akayameza yote. Halafu akakupiga kwa nguvu, ili yule mtu akifika akute mtoto anayeadhibiwa tu. Alipoulizwa una kosa gani, akasema umevunja mtungi. Msimamizi akacheka akapita. Siku ile baba yako hakula, wala kesho yake. Na usiku alikuwa anaamka kugusa mahali alipokupiga, ukiwa umelala.

Mama anasema: "Mwambie Marcelline, baba yake hakujua namna nyingine."

Nisalimie bwana yako na watoto, mmoja mmoja kwa jina lake. Amisa na Faradji wanakusalimu. Grégoire anakukumbatia, na Mama anakuombea kifua chako kipone kabisa. Akipata lori la kwenda Wamaza baada ya sikukuu ya Assomption, mwezi wa Agosti, anataka kwenda kufagia kaburi, na anauliza kama utakuja mwende pamoja. Nimemwahidi kwamba nitakuuliza, na kwamba sitakubembeleza.

Mungu akulinde, akutulize moyo.

Ni mimi wifi yako ninayekupenda,
Pascaline