Mbegu za Mama Zimeota

Songambele, Kyerwa,
16 Machi 2025.

Mpendwa Kaka Desderius,

Shikamoo. Habari za Tunduma? Wifi Vero na watoto hawajambo? Na kile kifua chako, kimepona? Huku tu wazima, ila mvua inatuandama, nasi hatumkufuru Mungu.

Kaka, leo nitajisifu. Najua utasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wewe nisifu tu, maji tutayaona!

Nilipokutumia picha ya kaushio letu la jua ulicheka, eti nimejenga banda la kuku la nailoni. Haya. Januari tulivuna maharage, na mvua haikutuachia hata siku moja ya kuanika. Ya majirani yaliota ndani ya maganda. Ya Mama, yale mekundu yenye madoa aliyokuja nayo alipoolewa, yakaanza kunuka uvundo. Hakuwa na mengine. Yakioza hayo, mbegu ile imekwisha.

Nikamwomba aniachie niyakaushe kwenye kaushio. Akakataa katakata! Akasema nataka kuyapika, na mbegu iliyopikwa haioti. Mama hakukosea, maana joto likizidi mbegu inakufa. Nilimbembeleza mpaka akanikabidhi kapu, lakini hakunitazama usoni.

Niliyatandaza kwenye trei, nikaacha matundu ya hewa wazi ili joto lisizidi. Jua likijificha, nachoma maganda ya kahawa kwenye jiko la nje. Bomba linaingiza joto ndani na moshi unatokea juu. Kila mara naingiza mkono humo, kama anayepima maji ya kumwogeshea mtoto mchanga.

Tukapanda kibanjani. Usingizi ulinipaa, Kaka, nisikufiche. Yameota! Kila shimo limetoa. Nililia jembe likiwa mkononi, na sioni aibu kukwambia.

Mama aliyakagua mashimo yote, akaendelea na palizi yake, si unamjua. Jumapili iliyopita, tulipotoka misa, jirani yetu Kantengwa akamwomba mbegu kama kila msimu. Mama akaninyooshea kidole: "Siku hizi mwenye mbegu ni huyu." Mbele ya kina mama wote! Nilirudi nyumbani hata matope siyahisi.

Shemeji yako Cleophace anakusalimu sana, na Mama anauliza lini utamletea wajukuu awaone. Nibusie Wifi na watoto. Mungu aibariki kazi ya mikono yenu kama alivyoibariki yangu.

Mdogo wako akupendaye,
Immaculata, mwenye mbegu.