Viatu vya Kiberiti

4 Septemba

Mdogo wangu Kipenga,

Hujambo, na shemeji hajambo? Mimi mzima, ila mgongo unanisumbua kwa kuinamia kalibu ya viatu kutwa. Salamu ziishie hapo. Unakumbuka baba alivyokuwa akifungua barua: akikuta salamu zimejaza ukurasa anaikunja, anasema, "Huyu hana la kuniambia." Mimi ninalo.

Tumecheza mechi tatu, tumeshinda tatu. Mabao saba ya kufunga, moja la kufungwa, nalo la penalti ambayo mwamuzi aliiona peke yake uwanja mzima. Wale watangazaji wa redio, waliotutabiria kushuka daraja kabla jezi hazijatoka kwa fundi, sasa wanasema ni mapema mno kusema lolote. Mbona haikuwa mapema walipotuzika? Timu ya wenye nacho ikishinda tatu, huo ni mwendo wa ubingwa. Sisi tukishinda tatu, bahati ya mwanzo wa msimu. Bahati haipigi pasi kumi na tisa mfululizo, Kipenga. Nilizihesabu kwa vidole, vikaisha, nikaazima vya jirani.

Na mimi sitegemei redio. Kila Jumatatu mtunza vifaa wa timu ananiletea gunia la njumu za kushona na kugundisha, nami nazisoma kama wengine wanavyosoma gazeti. Mchezaji anaweza kumdanganya kocha, daktari na mkewe, lakini soli yake inaniambia alikokanyaga. Mwaka jana meno ya viatu yalikuwa yameisha kwenye vidole tu: timu ya watu wanaosimama kuchungulia mpira umeenda wapi. Mwaka huu yanaisha sawasawa, kidole hadi kisigino. Wanakimbia. Wanarudi kukaba. Halafu tuna mshambuliaji mpya, mfupi, mwepesi, ukimgusa anawaka. Watu wamembatiza Kiberiti. Mabao matano kati ya hayo saba ni yake.

Ile ngazi ya tatu ya uwanjani, kando ya nguzo, alipokuwa akikaa baba, na wewe katikati yetu ukipuliza kipenga chako mpaka mwamuzi akasimamisha mchezo, bado naikalia. Pembeni naweka kofia, mtu asikae. Tangu uolewe hujaniuliza hata matokeo. Uliza basi.

Kaka yako

15 Septemba

Shikamoo kaka,

Mimi sijambo, mgongo wako pole, unyooshe. Barua imenikuta kazini nikipinda mashuka ya hospitali, nikacheka peke yangu mpaka msimamizi akaja kuangalia kama sindano imenichoma. Watu wana simu, wewe una kalamu na bahasha.

Shemeji yako yupo nyumbani tangu shule ifute somo la michezo. Anashinda akipanga upya vyombo nilivyokwisha kuvipanga. Nikitaka sufuria, sharti niulize limehamia wapi. Jioni nilimsomea kile kipande cha viatu. Akabaki na sahani mkononi. "Miaka kumi na mitano nafundisha mpira," akasema, "sijawahi kumgeuza mtu kiatu." Ndiyo mara ya kwanza tangu Juni kumsikia akishangaa kitu.

Haya, nimeuliza. Matokeo? Na huyo Kiberiti wako, viatu vyake vinasemaje?

Mdogo wako, Kipenga

2 Oktoba

Mdogo wangu Kipenga,

Hamjambo wote? Mgongo nimeunyoosha, umegoma.

Mechi sita: tano tumeshinda, moja sare. Tunaongoza ligi. Andika hapo ukutani juu ya cherehani yako, usome kila ukivuta uzi. Wiki iliyopita yule mwenye duka la vioo, aliyeihama timu yetu miaka mitatu iliyopita, alikuja kukaa upande wetu na skafu mpya, ina mikunjo ya dukani bado. Nikamwambia, "Karibu mgeni." Akasema yeye ni shabiki tangu tumboni kwa mama yake. Nikamjibu kwamba basi mama yake alipumzika kuhudhuria miaka mitatu. Ngazi nzima ilicheka. Sina subira na watu wanaopenda timu kama wanavyopenda kivuli, jua likigeuka nao wanahama.

Uliniuliza kuhusu Kiberiti. Nitakuambia jambo ambalo kocha halijui. Kiatu chake cha kulia kinaisha meno ya nje tu. Ya ndani ni mapya kama siku kilipotoka kwenye boksi. Maana yake kifundo cha mguu wa kulia kinamuuma, hathubutu kukiegemea. Kila akipata mpira atageukia kushoto, kila mara, hata kulia kukiwa wazi. Kasi yake ndiyo inayoficha. Beki akijua, amemmaliza.

Nilimwita hapa kibandani nikamwonyesha. Akasema, "Fundi, naomba usimwambie mtu. Kocha akijua atanikalisha benchi, na wapinzani wakijua watanipiga pale pale." Nikampa mkono. Nimemtengenezea soli ya ndani ya ngozi laini ya kukishika kifundo. Daktari wa mtaani aliyemwendea kwa siri alimwambia mapumziko ya Desemba yakifika kitapona chenyewe. Tumfikishe Desemba tu.

Nakuambia wewe kwa sababu wewe si mtu. Wewe ni mimi mwingine uliyeolewa mbali.

Kaka yako

11 Oktoba

Kaka,

Habari za huko? Sisi tuko salama. Nina haraka kidogo, mashuka yamerundikana.

Nimefurahi mnaongoza. Nimeona tarehe 28 timu ya huku kwetu inakuja kucheza huko. Nitakuja, kaka. Niwekee nafasi. Nisije nikaonekana mshamba, nieleze mambo machache nijue pa kutazama. Yule beki wenu mrefu, Winchi, akiruka kupiga kichwa anaruka kwa mguu gani? Kipa akipiga mpira mrefu anapenda upande upi? Na Kiberiti, kifundo bado vilevile au kimepata nafuu? Nijibu kabla ya tarehe 20 ukiweza.

Shemeji yako amepata shughuli za hapa na pale. Anakusalimu.

Mdogo wako

19 Oktoba

Kipenga,

Wazima? Sikumbuki mara ya mwisho kufurahishwa na barua kiasi hiki. Nilimsomea hata mtunza vifaa, nikamwambia, mwone mdogo wangu, anauliza maswali kuliko mwenyekiti wa klabu, ambaye swali lake la pekee kila Jumamosi ni soda zimepoa.

Winchi anaruka kwa kushoto. Kiatu hicho nakishona mara mbili zaidi ya chenzake. Kwa hiyo mpira ukipita nyuma ya bega lake la kulia, hafiki. Kipa anapenda kulia kwake, kushoto hana imani napo, hata kwa kudaka. Kiberiti bado vilevile. Tumebakiza wiki sita tu kufika mapumziko.

Mechi nane bila kupoteza. Kofia naiweka kuanzia saa saba mchana. Uje na kipenga.

Kaka yako

29 Oktoba

Wewe,

Sikuulizi hali. Nimekuona jana, ulikuwa mzima.

Nilikaa ngazi ya tatu tangu saa saba, kofia pembeni. Mwenye duka la vioo akaniuliza nafasi ni ya nani, nikajibu kwa maringo, ya mdogo wangu. Timu zikaingia. Nikatazama benchi la wageni, nikamwona shemeji. Amevaa suti ya michezo ya timu yao, ana daftari gotini. Nikadhani nimechanganya watu, kwa hiyo nikatazama jukwaa lililo nyuma yake. Ulikuwa pale, safu ya pili. Macho yetu yalipokutana uliinamia mkoba kama mtu aliyepoteza ufunguo.

Dakika ya kumi na moja Kiberiti alipata mpira. Mabeki wawili hawakuufuata mpira, walienda kuziba kushoto kwake na kumsubiri. Hakuwa na pa kwenda ila kulia. Akaegemea mguu ule, na wa tatu akauingilia pale pale, kwenye kifundo. Nilisikia mlio kutoka nilipokaa. Kisha mipira yote ya juu ikaenda nyuma ya bega la kulia la Winchi, na mashuti yote kushoto kwa kipa. Tukafungwa nne bila. Watu waliokaa karibu nami walisema wapinzani wana kocha mwenye akili. Mimi sikuona akili. Niliona barua zangu zikichezwa, ukurasa baada ya ukurasa.

Walimpitisha Kiberiti kwa machela chini ya ngazi yetu. Alinitazama. Angenitukana ningeshukuru.

Maisha yangu yote nimewashambulia wasaliti wa mpira, kwa kalamu na kwa mdomo: marefa wa kupangwa, viongozi wanaouza mechi, mashabiki wa skafu mpya. Nilidhani nawafahamu kwa sura. Kumbe mmoja alikuwa akinisalimia "shikamoo kaka", na mimi ninambandikia stempu. Uliponiuliza habari za mguu wa Winchi nilidhani yule mtoto wa kipenga amerudi. Hilo ndilo sikusamehei. Ungeniibia tu, ningesema umeniibia. Lakini ulivaa sura ya udogo wetu ndipo ukaja kuiba.

Leo asubuhi nimekwenda kwa nahodha wa timu nikamweleza yote, jina langu na lako. Hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba viatu vyao watampelekea fundi mwingine. Daktari anasema mfupa umevunjika na mishipa imechanika; kama Kiberiti atacheza tena, si mwaka huu wala ujao.

Kofia nimeivaa.

Kaka yako, kwa jina

14 Novemba

Shikamoo kaka,

Natumaini mgongo haujambo. Barua yako nimeisoma kwa siku nyingi. Jinsi ilivyo, haisomeki kwa mkao mmoja.

Sitajificha. Tarehe 6 Oktoba mume wangu alichukuliwa kuwa kocha msaidizi, kwa majaribio, mpaka ile mechi na nyinyi. Barua yako ya Kiberiti ilifika siku ileile. Nilikuwa nimeshaanza kuisoma kwa sauti, kama zile nyingine, kabla sijajua ina nini. Nilipofika kwenye kifundo nikanyamaza. Akasema, "Endelea." Ningeweza kukataa. Niliendelea. Maswali ya barua iliyofuata yalikuwa yake. Mkono ulikuwa wangu.

Hujawahi kuishi na mwanamume anayepanga sahani. Miezi minne alikuwa akitembea nyumbani kama mgeni anayeogopa kukaa kwenye kiti. Alipopata daftari lile gotini alirudi kuwa mtu, akawa anakohoa kwa sauti, anabisha, anakula. Nilichagua hilo. Nilijiambia ni mpira tu, watu ishirini na wawili na nyasi. Mlio ule na mimi niliusikia.

Lakini kaka, na mimi nikuulize, kwa kuwa wote tumelelewa na baba mmoja mbishi. Kiberiti alikuomba usimwambie mtu. Ukampa mkono. Kisha ukaandika. Siri ilianza kutembea kutoka kibandani kwako, sio kutoka mezani kwangu. Sisemi hivyo ili nilingane na wewe. Nasema kwa sababu mezani kwa baba hakukuwa na mwingine aliyeruhusiwa kukwambia ukweli ila mimi.

Siku ile, kabla ya mechi, nilifika mpaka chini ya ngazi yenu. Niliiona kofia, nikageuka. Kipenga kilikuwa mkobani, ndicho nilichokuwa nakitafuta uliponiona. Nilikipata, nikashindwa kukitoa.

Niandikie. Nitukane kurasa kumi, umezoea, na mimi nimezoea kukusoma. Usinyamaze tu.

Mdogo wako, Kipenga

3 Desemba

Kwa mke wa shemeji,

Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta katika afya njema, wewe pamoja na mumeo na wote waliomo nyumbani. Kama ni hivyo, nafurahi. Kwa upande wangu, mimi ni mzima, na majirani ni wazima, wa mkono wa kulia na wa mkono wa kushoto, wote wanakusalimu. Fundi saa wa mbele ya kibanda changu anakusalimu. Mwenye duka la vioo anakusalimu. Mvua zimeanza na zinaendelea vizuri. Baridi ilikuwepo kidogo mwanzoni mwa mwezi uliopita, sasa imepungua. Mgongo umepata nafuu, kwani kazi si nyingi siku hizi. Natumaini mvua zimeanza na huko pia, na kwamba baridi imepungua. Natumaini mashuka yanashonwa vizuri. Nisalimie mumeo. Nisalimie washonaji wenzako na msimamizi wao. Nisalimie majirani zako, wa kulia na wa kushoto, ingawa hatujuani. Wote huku wanawatakia afya, amani na usingizi mwema.

Ukurasa umejaa.

Fundi viatu