Wananiita Mama Ili Niibomoe Nyumba ya Nyanya

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijafukuzwa katika ukoo. Naitwa Mbithe, jina la nyanya yangu, na kwetu Wakamba hilo lina maana kwamba watoto wake wote, wenye mvi na vitambi, huniita mama, jambo ambalo lilinifurahisha hadi Jumamosi iliyopita, tulipokutana Kasikeu kujadili nyumba yake ya matofali, na baba mdogo Mutiso, anayetaka ibomolewe apate pa kuegesha gari analokuja nalo kila Krismasi, akanigeukia mbele ya watu akasema, "Haya mama, nyumba ni yako, toa ruhusa," wote wakacheka, kisha wakaningoja nijibu, nikajua hawatanii.

Shangazi Kavindu akadakia, "Mama, usithubutu! Matofali hayo yalichomwa na mwethya, akina mama wa kijiji wakisaidiana, baba akiwa kazini Mombasa." Mutiso akaapa kwamba baba yao aliijenga kwa mikono yake mwenyewe. "Mikono mirefu kweli," shangazi akamjibu, "kutoka Mombasa ikafika hapa!"

Nami nina kumbukumbu zangu za kulelewa humo, ukuta wa jikoni uliokolea moshi, sauti ya mvua kwenye mabati, nimeandika kurasa nyingi kuihusu nyumba hiyo na nikiwazia sururu ikigusa ukuta ule naamka usiku kuongeza nyingine. Nikikubali, nimeua historia. Nikikataa, mimi ni adui wa maendeleo. Nyanya alikuwa papo hapo akichagua ndengu. Paa la chumba chake linavuja, lakini hilo ni jambo jingine. Nifanye nini?

Mbithe, Makueni

Mbithe, hongera kwa cheo. Si wengi wanaopata watoto wenye vitambi bila uchungu wa kuzaa.

Nimeisoma barua yako nikimtafuta mwenye nyumba. Nimempata mwishoni, chini ya paa linalovuja, nawe msomi unaniambia hilo ni jambo jingine. Binti yangu, hilo ndilo jambo! Mutiso anataka maegesho, Kavindu anataka makumbusho, wewe unataka ukuta wa kuandika habari zake, na mwanamke mzee anataka, nadhani, kulala pakavu. Au hataki. Mimi nitajuaje? Nyinyi mtajuaje, ikiwa hakuna aliyemuuliza? Mmemwita mama mtoto wa juzi, na mama aliyewazaa ameketi hapo hapo, hai, anawasikia.

Uchungu wako nauelewa. Kuona ulipolelewa pakivunjwa si mchezo. Lakini ulipewa jina lake ili apendwe mara mbili, si ili asiulizwe.

Rudi Kasikeu wiki hii. Muulize mbele ya hao wawili, kisha ufunge mdomo, hata akikawia kujibu. Akisema ibomolewe, futa machozi ushike sururu. Akisema ibaki, Mutiso apande juu na mabati mapya, na gari lake lilale juani. Ila mvua ya Novemba haingoji mkutano wa familia. Ukifika, kabla hujasalimia mtu mwingine, sogeza kitanda chake.