Tulipoinua Landrova

Deo, mume mwenzangu,

Hapa Litapunga sote wazima, na bibi yako amevuna karanga hadi ghala limejaa. Unauliza kama uinue gari lako. Enzi za Mwingereza, nikiwa fundi kijana Mpanda, tuliinua Landrova ya tajiri wangu. Tuliongeza vyuma kwenye springi, ikavuka visiki vyote vya njia ya Mwese bila kugusa. Nilijisifu mno! Kumbe sasa mlango uko juu, abiria hawafiki. Binti mmoja mwenye kapu la maharage akanifokea, "Gari mmeliinua, sisi nani atatuinua?" Nikashuka, nikampa mkono.

Wewe inua, lakini weka ngazi ya kupandia. Mimi niliisahau, ndiyo maana wewe upo.

Babu yako