Aliyekubali Kupasuliwa na Mtoto wa Kwetu

Mjukuu wangu Salma,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Sote hapa Mpendae hatujambo, ila bibi yako goti linamsumbua. Waniuliza kama uache kazi ya upasuaji, kwa kuwa huko ng'ambo hospitalini kwenu mweusi ni wewe peke yako na wagonjwa wanamtaka "daktari mwenyewe".

Baada ya Mapinduzi, wapasuaji wetu wote walikuwa wageni. Siku moja akaja wodini kijana wa Makunduchi, kasoma ng'ambo. Sisi wagonjwa wa busha tulikuwa tumejaa tele, na wenzangu wote wakamkataa!

"Huyu tutaonana naye msikitini," wakasema. "Kesho akija kumposa binti yangu, kashaniona utupu!"

Kijana wa watu akanyong'onyea, akasema bora arudi ng'ambo.

Mimi, mwanamume kwelikweli, nikamwita: "Mwanangu, nipasue mimi. Mgeni akikosea atapanda ndege. Wewe kwenu nnakujua."

Akacheka, akanipasua vizuri. Nilipozinduka, jirani yangu wa kitanda, aliyepiga kelele kuliko wote, alikuwa kamng'ang'ania koti: "Daktari, na mimi lini?"

Usiondoke, mwanangu. Ngojea mkaidi mmoja tu atakayekubali umpasue. Hata huko hawakosi, ingawa wa kunifikia mimi hayupo.

Babu yako akupendaye