Visiwa Vitatu Kabla ya Fukue

Kisiwa cha Nakadori, Japani
Juni 29, 2025

Mpwa wangu Sabina,

Marahaba, maana najua shikamoo yako iko njiani. Hujambo mama? Goti la dada yangu Marcelina linaendeleaje? Na mchumba wako Chrispin, na wazazi wake huko Bunda, wazima? Mimi nadunda. Barua naandika kwa kalamu, Morita anaipiga picha na kukutumia, maana kidole changu kikigusa herufi moja kwenye simu kinabonyeza nne.

Waambie wale wa gengeni Nyasho waliosema Bernado ataishia Mwanza: nimevuka bahari. Morita ni yule yule mwalimu wa hesabu tuliyepanga naye nyumba moja Bunda, yeye na mkewe Mama Fumiko, kabla hata hujaanza kutembea. Amezeeka, lakini kucheka ni kule kule. Ndiye aliyenipokea bandarini.

Watu hapa wanapanda kivuko kama wanaingia kanisani. Si kama Kisorya, mbuzi mbele wewe nyuma. Nahodha aliponiona alijua huyu ni mtu wa maji, akaniangalia kama anayetaka ushauri, ila lugha ikamshinda.

Chakula sasa. Kuna tambi nyembamba kama uzi wa nyavu. Sufuria inachemka katikati ya meza na kila mtu anachota humo humo, kama watu. Supu ni ya samaki anayeruka. Ana mabawa kabisa. Nikawaambia kwetu Rukuba sangara alikuwaga anaruka mwenyewe mpaka kwenye kikaango, akiiva upande mmoja anajigeuza. Nilieleza kwa kirefu, Morita akatafsiri kwa maneno mawili, wote wakacheka. Kijapani ni lugha ya kubana matumizi.

Mama Fumiko bado sijamwona. Morita anasema yuko nyumbani, kisiwa cha Fukue, ila tusiwe na haraka, tuzunguke kwanza.

Mjomba wako,
Bernado

*

Musoma
Julai 5, 2025

Mjomba,

Shikamoo sana. Sisi wazima, goti la mama linauma asubuhi na kupona kukiwa na sherehe. Chrispin anakusalimu.

Barua yako nimeisoma gengeni kama ulivyotaka. Mzee Isidori ameuliza huyo sangara akishajigeuza alikuwa anajitia na chumvi.

Mjomba, kula, tembea, lakini usisahau. Sendofu yangu ya kuagwa nyumbani ni Agosti 16. Kwetu binti hatoki ndani bila mjomba kumshika mkono, na mimi sina mjomba wa akiba. Tiketi yako inasema Agosti 5. Mama anauliza pia, wale dagaa wa Rukuba na kitenge alichomfungashia Mama Fumiko, umeshampa? Anasema mtu hafungui zawadi ya mwenzake njiani, kwa hiyo usije ukawakaanga.

Mpwa wako akupendaye,
Sabina

*

Kisiwa cha Naru, Japani
Julai 11, 2025

Sabina mama,

Hujambo? Habari za maandalizi? Mwambie Isidori chumvi tulimtilia sisi, samaki hana mikono.

Dagaa ni salama. Samaki mbichi ndio nimekula. Kipande cha kwanza nilifanya ishara ya msalaba nikameza. Cha pili sikufanya ishara. Baadaye Morita akasogeza sahani mbali. Kuna na viazi vitamu wanavichemsha, wanavikata, wanavianika juani mpaka vinakauka. Matobolwa, mpwa wangu! Matobolwa kabisa, ila wao wanayatwanga na wali yanakuwa andazi laini. Nikamwambia mama aliyeyatwanga kwamba mimi nina dada bingwa wa matobolwa Butiama nzima. Akaniongezea.

Na Wakatoliki wapo. Morita si Mkristo, lakini alinipeleka. Babu zao walisali kwa kujificha miaka na miaka, serikali ya zamani ikiwawinda. Kanisa ni dogo, la mbao. Nikaimba wimbo wa kwetu kwa sauti yangu unayoijua. Bibi mmoja alifumba macho mpaka nilipomaliza. Labda alikuwa anavumilia.

Ila kuna jambo. Kivuko cha Fukue kinapita hapa kila siku. Morita anasema kesho. Kesho ikifika ananipeleka kuoga maji ya moto, wazee wote uchi kama tulivyozaliwa, au kwenda kisiwa kingine, Hisaka, kuangalia maua. Mwanaume mwenye mke nyumbani hazungukagi hivi. Nadhani wamegombana. Nitawapatanisha. Unajua mimi nilishapatanisha ukoo mzima kwa jogoo mmoja.

Mjomba wako mpatanishi,
Bernado

*

Fukue, Japani
Julai 20, 2025

Sabina,

Nakusalimu. Natumaini mu wazima wote.

Tumefika kwa Morita. Nyumba nzuri, imefagiliwa, kimya. Nilivua viatu, nikakaa chini, nikawatoa wale dagaa na kitenge nikauliza, shemeji yuko wapi? Morita akafungua mlango wa kabati dogo ukutani. Ndani kuna picha ya Mama Fumiko, kibakuli cha wali mbele yake, na ubani. Alifariki Novemba iliyopita. "Yuko nyumbani," kumbe ndiyo hivyo.

Sabina mama, mimi nilikuwa nimeshaingia na kukaa. Kwenye msiba hatuingiagi hivyo. Nikainuka, nikatoka bila viatu mpaka barabarani, nikaanza upya. Nilikuja nalia kama tunavyoliaga kwetu, kwa sauti yote, nikimwita jina, nikimwambia alivyonipikia nikiwa na malaria, nikimuuliza kwa nini hakuningoja. Kijiji kile hakijawahi kusikia kitu hicho. Madirisha yakafunguka. Askari akaja na baiskeli, akashuka, akavua kofia, hakujua aishike wapi.

Morita alikuwa amesimama mlangoni. Alikaa Bunda miaka minne, anajua. Akatoka na soksi akanishika, naye akalia, tukakaa chini barabarani. Jirani, bibi mmoja, baadaye alimwambia Morita kwamba hata siku ya mazishi hakumwona na chozi.

Morita alipomaliza kulia akaniambia, "Hapa wote walinipa pole kwa sauti ndogo. Ndiyo maana nilikuita wewe."

Sasa Sabina. Kwao, katikati ya Agosti marehemu anarudi kutembelea nyumbani, na mwaka wa kwanza ndio mkubwa. Vijana watakuja na ngoma kumchezea uani, tarehe 13 mpaka 15. Morita hajaniomba kitu. Anapika tu wali wa watu watatu. Kwetu mtu haondoki matanga hayajaondolewa. Lakini na wewe kwetu hutoki ndani bila mimi, na kutoka huku mpaka Musoma ni siku mbili tatu.

Mimi huwa najua la kufanya hata kabla sijaulizwa. Hili silijui. Sema wewe. Ukisema njoo, nakuja.

Mjomba wako,
Bernado

*

Fukue
Julai 29, 2025

Sabina mama,

Hujambo? Picha ya barua ilifika? Morita anasema alama zinaonyesha imesomwa. Tiketi ya tarehe 5 bado ninayo. Nimeshafunga begi.

Mjomba

*

Butiama
Agosti 1, 2025

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Pole na msiba. Mpe pole na Mjomba Morita.

Sikujibu kwa sababu niliyoyaandika mwanzo yalikuwa mabaya, nikafuta. Nilikasirika. Nilisema una mpwa mmoja na unamlinganisha na watu wa mbali. Nikapanda gari kuja kumshitakia mama, nikamsomea barua yako ili aone ulivyo.

Mama aliniambia rudia. Nikarudia. Akatoka nje, akapiga yowe. Jenoveva jirani yetu akaja mbio kuuliza nani amekufa. Mama akasema, "Wifi yangu wa Bunda." Ndipo akatusimulia kwamba nilipozaliwa yeye alikuwa hoi kwa homa, na Mama Fumiko alinibeba mgongoni mwezi mzima mpaka akapona. Kumbe mgongo wa kwanza kunilaza ulikuwa wake.

Jioni uwanja ulikuwa umejaa. Walileta kuni, walileta unga. Siku ya pili mama yake Chrispin alifika kutoka Bunda na ndoo ya unga kichwani, akaketi mkekani na wengine. Nani angetaja sendofu pale? Hakuna anayepiga vigelegele juu ya matanga. Wazee wenyewe ndio waliosogeza sendofu mpaka Septemba 6, na padri amekubali kusogeza ndoa.

Kwa hiyo badilisha tiketi. Kaa mpaka ngoma iishe. Na mama anasema, mume wa wifi yake ni kaka yake. Hawezi kuachwa kwenye nyumba ile na wali wa watu watatu. Aje.

Mpwa wenu,
Sabina

*

Fukue
Agosti 16, 2025

Sabina, mama yetu,

Hujambo, na wote hapo nyumbani hawajambo? Sisi tumechoka vizuri.

Vijana walikuja na ngoma shingoni, kofia za maua, sketi za majani, wakacheza uani polepole. Niliwaonyesha mtindo wa kwetu kidogo, wakanishukuru, wakaendelea na wa kwao. Dagaa wa Marcelina tulimwekea shemeji kwenye kibakuli. Jana usiku tulimsindikiza kwa taa mpaka makaburini. Morita alilia kwa sauti, majirani hawakufungua madirisha. Walitoka kabisa, wakasimama naye.

Asubuhi amekula sahani mbili. Sasa anapiga pasi suti na kuniuliza mjomba wa bibi harusi anashika mkono upi. Nimemwambia ipo miwili.

Ndege ni Septemba 2.

Wajomba zako,
Bernado na Morita